Jenereta Ndogo Ipimayo Kasi ya Mashine

Katika miaka ambayo tochi za betri za bei nafuu hazijaenea, mtu aliyetoka Mikindani usiku kwenda Mtwara kwa baiskeli aliijua kasi yake bila ya kutazama kitu chochote ila barabara iliyokuwa mbele yake. Dainamo iliyofungwa kando ya tairi ndiyo iliyowasha taa. Alipopanda mwinuko kwa taabu, taa ilififia ikawa nyekundu kama kaa la moto. Alipoteremka, iliwaka nyeupe na kumulika mbali. Aliposimama kumwamkia mtu njiani, ilizimika kabisa. Waendesha baiskeli walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa taa humfaa mtu zaidi pale anapokwenda polepole mahali pabaya. Hata hivyo, jambo lile lile walilolihesabu kuwa kasoro ya taa, wahandisi wamelifanya kuwa njia ya kupimia. Ondoa balbu, weka voltimita mahali pake, andika juu ya uso wa voltimita kilomita kwa saa badala ya volti, na dainamo ya baiskeli imekwisha kuwa kipimo cha kasi.

Chombo cha namna hiyo kinapotengenezwa kwa uangalifu na kufungwa kwenye mhimili wa mashine huitwa takojenereta. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kasi. Sifa yake kubwa ni kwamba hakihitaji betri wala umeme wa kutoka nje ili kiseme; mashine inayopimwa ndiyo inayokipa sauti. Sifa hiyo ina faida nyingi, na ina hatari moja ambayo kila afanyaye kazi karibu na mashine kubwa yampasa kuifahamu.

Kwa nini kasi ipimwe

Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa katika ghuba ya Mnazi, karibu na kijiji cha Msimbati, kaskazini ya mlango wa Mto Ruvuma. Gesi hiyo ilikaa ardhini kwa muda wa robo karne hivi kabla ya kutumiwa. Tangu mwaka 2007 imekuwa ikichomwa mjini Mtwara ndani ya injini za pistoni ambazo huzungusha jenereta za umeme, kila moja ikiwa na uwezo wa takriban megawati 2. Baadaye kituo hicho kikawa chini ya TANESCO. Kwa miaka mingi umeme wa Mtwara na Lindi haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa, na jambo hilo lina maana kubwa katika habari ya kasi.

Katika gridi kubwa injini moja ni kama mtu mmoja katika kundi la watu wanaovuta jarife. Akilegea kidogo, wenzake humchukua, na wavu hausimami. Katika mtandao mdogo uliojitenga, wavutaji ni wachache. Kiwanda cha korosho kinapowasha mota zake, kila injini kituoni huhisi uzito ule. Mihimili hupungua mwendo, na pamoja nayo hupungua frikwensi ya umeme, yaani idadi ya mara ambazo mkondo geu hukamilisha duru yake katika sekunde moja. Frikwensi inayotakiwa Tanzania ni hezi 50. Jenereta yenye ncha nne za sumaku hutoa duru mbili za umeme katika kila mzunguko mmoja wa mhimili. Kwa hiyo ili kupata duru 50 kwa sekunde, hapana budi mhimili uzunguke mara 25 kwa sekunde, ambayo ni mara 1500 kwa dakika. Upungufu wa mizunguko 30 tu kwa dakika, jambo ambalo sikio la kawaida haliwezi kulitambua katika ngurumo ya kituo, hushusha frikwensi kwa hezi 1 nzima.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Tuseme mti umeangukia nyaya na swichi kuu ikafunguka. Injini iliyokuwa ikisukuma mzigo mkubwa hujikuta haina mzigo wowote, na huku gesi inayoingia bado ni ile ile ya awali. Mhimili huanza kukimbia. Hapa mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kani inayovuta vipande vya gurudumu linalozunguka kwenda nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikizidi kwa asilimia 10 na kufikia mizunguko 1650 kwa dakika, kani hiyo imekwisha kuongezeka kwa asilimia 21. Kasi ikiongezeka mara mbili, kani ni mara nne, na hakuna fundi aliyebaki salama kwa kusimama karibu na flaiwili iliyopasuka. Ndiyo sababu injini za jamii hii hufungiwa kifaa cha kuzima ambacho hukata gesi pindi kasi inapovuka kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 hadi 18 hivi, kwa kadiri ya mtengenezaji alivyopanga.

Kazi ya kuongeza na kupunguza gesi ni ya kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana. James Watt alipoitia gavana katika mashine yake ya mvuke mwaka 1788, alitumia mipira miwili ya chuma iliyotanuka kadiri mhimili ulivyokwenda kasi, na kutanuka kwake kukafunga vali ya mvuke. Mipira ile ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilipima, na yenyewe ikatenda. Gavana ya umeme imezitenganisha kazi hizo. Vali husukumwa na mota au sumaku yenye nguvu. Lakini kabla ya kusukuma, gavana hapana budi iambiwe kasi ni kiasi gani.

Volti zinazolingana na mizunguko

Kanuni inayotumika ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Waya ukipita katika uga wa sumaku, volteji huzaliwa ndani yake, na ukubwa wa volteji hiyo hutegemea upesi wa kupita kwenyewe. Kama sumaku haibadiliki nguvu na kama idadi ya nyaya katika koili ni ile ile, basi kinachobaki kubadilika ni kasi peke yake. Kwa hiyo volteji E inalingana na mizunguko n kwa namna iliyo nyepesi kabisa: E = kn, ambapo k ni namba isiyobadilika ya chombo husika. Takojenereta inayotoa volti 20 kwa mizunguko 1000 itatoa volti 30 kwa mizunguko 1500, na volti 2 kwa mizunguko 100. Grafu yake ni mstari mnyoofu unaopita katika asili.

Katika takojenereta ya mkondo mnyoofu, koili huzunguka katikati ya sumaku za kudumu, na umeme hutolewa nje kwa komuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande, ambayo huguswa na vijiti viwili vya kaboni. Mpangilio huu una uzuri mmoja ambao haupatikani kirahisi kwingine: mhimili ukizunguka kinyume, volteji nayo hugeuka, chanya ikawa hasi. Meli inayoingia katika bandari ya Mtwara kuchukua korosho hupita katika mlango mwembamba wa ghuba, na nahodha anapoamrisha injini irudi nyuma hataki kubahatisha kama parafujo imetii. Takojenereta iliyofungwa kwenye mhimili wa parafujo hupeleka jibu hadi chumba cha usukani: sindano ikilala upande mmoja, meli yasukumwa mbele, ikilala upande wa pili, nyuma. Kwa kuwa mhimili wa meli kubwa aghalabu huzunguka polepole, mara mia moja hivi kwa dakika, takojenereta huendeshwa kwa mnyororo au kwa magurudumu ya meno ili yenyewe ipate kuzunguka kwa kasi zaidi na kutoa volti za kutosha.

Vijiti vya kaboni ndivyo udhaifu wa chombo hiki. Huchakaa, hutoa vumbi jeusi, na kila vinapovuka kutoka kipande kimoja cha shaba hadi kingine volteji hutikisika kidogo, hata sindano huonekana kutetemeka ingawa mashine yenda sawasawa. Katika mwambao, ambako upepo wa kusi huleta hewa yenye chumvi miezi mingi ya mwaka, shaba hushika kutu ya kijani upesi. Fundi wa pwani asafishe komuteta na viungo vya nyaya mara nyingi kuliko mwenzake wa bara.

Yako makosa mengine mawili ambayo hayaonekani kwa macho. La kwanza ni la mzigo. Volteji E hupatikana kamili iwapo hakuna mkondo wowote unaochukuliwa. Lakini kila voltimita huchukua mkondo kidogo, na mkondo huo hupita kwanza katika ukinzani wa koili yenyewe. Takojenereta yenye volti 20 na ukinzani wa ndani wa omu 200 ikiunganishwa na voltimita ya omu 20,000, kitakachosomwa ni volti 19.8, kosa ni asilimia 1. Fundi akiibadili voltimita hiyo kwa nyingine ya omu 2,000 pasipo kufikiri, kitakachosomwa ni volti 18.2 hivi, na mashine inayozunguka mara 1000 itaonekana kuzunguka mara 909. Mashine haikubadilika, wala takojenereta haikuharibika. Hii ndiyo sababu dainamo ya baiskeli yenye taa si kipimo kizuri: taa inakula sehemu kubwa ya kile kinachotakiwa kupimwa.

Kosa la pili ni la joto, na hili huwashangaza wengi. Sumaku ya kudumu haidumu kwa ukamilifu ambao jina lake linadai. Sumaku za feraiti, ambazo ni rahisi kununua, hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu zake kwa kila digrii moja ya sentigredi inayoongezeka. Tuseme chombo kimesawazishwa asubuhi kikiwa na digrii 30, na mchana, kando ya injini, kimefikia digrii 60. Nguvu ya sumaku imepungua kwa asilimia 6, na volteji pia. Injini inayozunguka mara 1500 itatangazwa kuwa yazunguka mara 1410. Gavana ikiamini habari hiyo itafungua gesi zaidi, na frikwensi itapanda hadi karibu hezi 53 hali kila sindano kituoni imetulia mahali pake. Watengenezaji wa takojenereta bora hutumia aloi ya alumini, nikeli na kobalti, ambayo hupoteza moja ya kumi tu ya kiasi hicho, au huongeza kipande cha metali maalumu cha kusawazisha badiliko la joto.

Kuhesabu badala ya kupima ukubwa

Makosa hayo yote yana asili moja: habari ya kasi imebebwa na ukubwa wa volteji, na ukubwa unaweza kupunguzwa njiani na mambo mengi. Iko njia nyingine. Jenereta ya mkondo geu hutoa volteji inayopanda na kushuka, na idadi ya kupanda na kushuka huko haitegemei joto, wala urefu wa waya, wala uzee wa sumaku. Mhimili ukizunguka mara moja, duru za umeme zitakuwa zile zile, ziwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo badala ya kuuliza volti ni ngapi, huulizwa duru ni ngapi.

Kihisi kinachotumika zaidi katika injini za siku hizi kimejengwa juu ya wazo hilo, na ni jenereta iliyopunguzwa mpaka ikabaki mifupa mitupu. Ni kijiti cha sumaku kilichozungushiwa koili na kutiwa ndani ya bomba dogo lenye ukubwa wa kidole. Bomba hilo hufungwa kwa skrubu kwenye ganda la flaiwili, ncha yake ikiwa milimita moja au pungufu kutoka katika meno ya chuma yaliyo pembeni mwa gurudumu. Hakuna kinachogusana. Jino linapopita mbele ya ncha, uga wa sumaku hukusanyika. Pengo linapopita, hutawanyika. Na kila badiliko huzaa volteji katika koili. Flaiwili ikiwa na meno 120 na ikizunguka mara 25 kwa sekunde, kihisi hutoa mapigo 3000 kwa sekunde. Kosa la kuhesabu pigo moja katika sekunde ni sawa na nusu ya mzunguko kwa dakika. Hakuna sindano ya voltimita iwezayo kufikia usahihi huo. Kihisi cha jamii hiyo hiyo hufungwa pia katika magurudumu ya magari mengi yenye breki zinazozuia tairi kujifunga.

Lakini kwa kuwa chombo hiki nacho hujizalia umeme, hakikuepuka urithi wa ukoo wake. Gurudumu likienda polepole mno, mapigo bado yapo, ila yamekuwa madogo hata kompyuta haiwezi kuyatofautisha na vurugu za umeme wa nyaya jirani. Vumbi la chuma likinatia kwenye ncha ya sumaku, kama linavyopenda kufanya, mapigo hudhoofika pia. Yaani chini ya kasi fulani kihisi hunyamaza, na kimya chake hakina tofauti na kimya cha mashine iliyosimama.

Sifuri

Hapo ndipo ilipo ile hatari iliyotajwa mwanzoni. Chombo kinachopewa nguvu na mashine yenyewe husema sifuri katika hali mbili: mashine inaposimama, na waya unapokatika. Gavana isiyo na busara ikiona sifuri itadhani kwamba injini inakufa, nayo itafungua gesi yote ili kuifufua. Injini iliyokuwa nzima, inayozunguka mara 1500 kama ilivyotakiwa, itakimbizwa na gavana yake mwenyewe kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea au kiungo kimoja cha shaba kilicholiwa na chumvi.

Wabunifu wa mitambo wamelijibu tatizo hili kwa njia kadhaa, na njia zote zinaanza kwa kutoiamini sifuri. Gavana hupangwa hivi: injini ikiwa kazini kisha habari ya kasi ikatoweka ghafla, hesabu kwamba kihisi kimekufa, na funga gesi. Mhimili mzito wa tani nyingi hauwezi kusimama katika sehemu ndogo ya sekunde. Sifuri inayokuja mara moja namna hiyo haiwezi kuwa ya kweli. Wakati wa kuwasha injini, ambapo sifuri ya kweli hapana budi iwepo, gesi haifunguliwi mpaka mota ya kuwashia imekwisha kuzungusha flaiwili kiasi cha kihisi kutoa mapigo yanayosikika. Aidha, kile kifaa cha kukata gesi kasi inapozidi hupewa kihisi chake peke yake na waya wake peke yake, visishirikiane na vya gavana. Na vali ya usalama ya gesi hutengenezwa ili ikae wazi kwa nguvu ya umeme na ijifunge kwa springi. Waya wake ukikatika, gesi inafungwa.

Mpango huu una gharama yake. Injini nzima itazimwa mara nyingine kwa kosa la kihisi chenye bei ndogo sana ikilinganishwa nayo, na katika mtandao mdogo kama ule wa Mtwara wa miaka iliyopita, kuzimika kwa injini moja kuliweza kuuacha mtaa mzima gizani. Wako mafundi, si wa mahali pamoja tu, ambao kwa kuchoshwa na kuzimika huko huunganisha nyaya kwa namna ya kukipita kifaa cha usalama ili umeme uendelee. Wateja hufurahi siku hiyo.

Majaribio ya darasani

Shule isiyo na takojenereta yaweza kuitengeneza. Inahitajika mota ndogo ya mkondo mnyoofu kutoka katika gari la kuchezea lililoharibika. Mota ya redio ya kaseti haifai, kwa kuwa aghalabu imetiwa ndani yake kidhibiti cha kasi ambacho huvuruga vipimo. Baiskeli igeuzwe chini juu, na mpira mwembamba uvikwe kwenye mhimili wa mota ili uweze kuegemezwa kwenye tairi. Kipenyo cha gurudumu kikiwa sentimita 66 na cha mhimili uliovikwa mpira kikiwa sentimita 1, mota itazunguka mara 66 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Mwanafunzi mmoja azungushe pedali kwa mwendo usiobadilika. Wa pili atazame vali ya tairi na kuhesabu mizunguko kwa nusu dakika, akitumia saa. Wa tatu asome voltimita. Kwa kasi nne au tano mbalimbali grafu itapatikana, na wanafunzi waulizwe kwa nini mstari wao haukupita sawasawa katika kila nukta.

Kisha balbu ya tochi iunganishwe sambamba na voltimita, na mwendo ule ule urudiwe. Usomaji utashuka, na kutokana na kiasi kilichoshuka na ukinzani wa balbu ikiwa inawaka, wanafunzi wa kidato cha nne wataweza kukokotoa ukinzani wa ndani wa mota. Mwisho, gurudumu likiwa bado linazunguka kwa kasi, mwalimu achomoe waya mmoja, na mwanafunzi aliyepewa kazi ya kusoma, ambaye ameketi akiwa ameipa baiskeli mgongo, aulizwe mashine inakwenda kwa kasi gani.